Vidole Viwili

Idd Pili, Kunduchi. Saa nne haijagonga
na foleni imeshajizungusha mara tatu
kama ukili unaongoja kushonwa mkeka.
Watu wametoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kigamboni huko ng'ambo,
na madera mapya yenye harufu ya duka,
na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakata,
na ndoo za pilau zilizofunikwa khanga.
"Chakula cha nje, mwiko," kasema mlinzi.
Basi pilau ikaliwa pale pale ukutani, tumesimama,
kila apitaye tukimkaribisha,
mpaka mlinzi naye akanawa.

Tunu kanishika kidole kimoja, cha shahada.
Ana miaka sita na nusu;
hiyo nusu msiisahau, atawakumbusha.
Ndani ya viatu vyake vyekundu mna karatasi za daftari.
Nilimwona jana usiku akizikunja, nikanyamaza.
Miezi minne kopo la maziwa limemeza
chenji zetu za vitumbua,
kwa ajili ya gurudumu hili moja
linalopandisha watu vikapuni, juu kuliko minazi.

Saa moja na nusu juani. Spika inaita:
"Kuna mtoto hapa, Baraka, kaptura ya kijani.
Anasema mama yake anaitwa Mama."
Watu wakacheka, kisha kila mtu akahesabu wake.
Nami nikahesabu: mmoja.
Nikahesabu tena.

Mlangoni yupo twiga wa ubao, kanyoosha mkono:
asiyenifikia, haruhusiwi.
Kijana, kifuani kaandikwa Elibariki, akasema,
"Vua viatu, mrembo."
Karatasi zikabaki viatuni.
Vidole viwili. Vidole viwili vya Elibariki
vikapita kati ya utosi wa Tunu na mkono wa twiga,
tena bila kubanwa.
Tunu akanyoosha shingo. Akavuta pumzi,
kana kwamba hewa nayo ni urefu.
"Mwakani," kijana alisema kwa upole,
na huo upole ndio uliouma.

"Na tiketi?"
"Hairudi, mama. Ila wewe unaweza kupanda."
Mimi? Na goti hili?
Nyuma wanapiga kelele: panda au pisha!
Tunu akanitazama, macho makavu kama ya mdai:
"Panda, shangazi. Halafu uje uniambie. Yote."

Nikakunja dera, nikasoma nilizozijua,
kikapu kikanyanyuka,
tumbo likabaki chini na Elibariki.
Nikafumba macho.
Nikakumbuka: yote.
Nikafumbua.

Kule juu kabisa, umeme ukakatika.
Muziki ukafa katikati ya neno,
gurudumu likaguna, likasimama,
na umati mzima ukasema "Aaah!"
kama mtaa wetu usiku wa mechi.
Kikapu cha pili mtu anataja majina ya Mungu.
Cha tatu, kijana anauliza nani kasahau kununua luku.

Nikatazama chini.
Elfu ngapi, sijui,
wanamiminika kama mchele unaopepetwa,
wanaitana, wanapishana, wanarudi walikotoka.
Na pale miguuni pa twiga
nukta moja haitikisiki,
viatu mkononi, uso juu.
Siku nzima nimeogopa kumpoteza humu.

Jenereta likakohoa. Nikashuka.

"Uliona nini?"
Nikamwambia bahari. Nikamwambia mapaa ya Mtongani,
magari ya Barabara ya Bagamoyo kama sisimizi.
Akatikisa kichwa. "Hayo kila mtu anayaona.
Wewe uliona nini?"
"Nilikuona wewe."
Akafikiri. "Nilikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha, gumba na shahada: hivi.
Akaja na vyake, akavipima na vyangu,
akahakikisha, asije akapunjwa.
Kisha akavaa viatu.
Karatasi moja aliitupa. Nyingine akaibakiza.

Ndani ya bajaji alinuna mpaka Mwenge.
Mwenge, akaomba ubuyu.